Chumvi ya Nje ya Sufuria

Kuna kipindi nyumbani kwetu, hapa mtaa wa Bigo mjini Bunia, tulikula sombe, yale majani ya muhogo, isiyo na chumvi, maharage yasiyo na chumvi, hata mayai yasiyo na chumvi, na mpaka leo nikikumbuka ladha ile nakasirika upya. Watu wanaosema kwamba chakula kisicho na chumvi unakizoea baada ya muda, nawaomba waje wanieleze ana kwa ana. Sisi hatukukizoea. Tulikula kimya kimya tu, kwa sababu mgonjwa alikuwa mama yangu, na sote tulitaka aishi.

Mama ni muuza samaki. Alianza kazi hiyo tulipohamia Bunia kutoka Butembo, mimi nikiwa bado mtoto wa mgongoni, na hajawahi kufanya nyingine. Anauza samaki wa chumvi kutoka Tchomia, ziwani, wale tunaowaita makayabo. Samaki mkubwa anapasuliwa, anajazwa chumvi, anaanikwa mpaka anakuwa mgumu kama ubao, kisha anafungwa pamoja na wenzake kwenye furushi na kupakiwa kwenye lori. Barabara ikiwa shwari, samaki wanafika. Barabara ikifungwa, mama anakaa nyumbani na kugombana na kila anayepita mbele yake. Mimi ni fundi wa cherehani na ninashona pale pale uani, kwa hiyo magomvi hayo nayajua vizuri. Hasira zangu sikuziokota njiani.

Ugonjwa wake ulianza na kichwa. Alikuwa anarudi kutoka sokoni, anakaa chini bila kuvua kitambaa, anashika kisogo na kufumba macho. Baadaye alianza kuhema akipanda kale kamwinuko kadogo kanakotoka barabarani hadi kwetu, njia ambayo zamani aliipanda na beseni kichwani huku anaimba. Nikamlazimisha kwenda kituo cha afya. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, na zamu yetu ilipofika muuguzi alimfunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akabonyeza, akasikiliza, akasema ni tansio. Shinikizo la damu, yaani, lakini kwetu hakuna anayeliita hivyo.

"Mama, acha chumvi," alisema huku anaandika. "Kidonge hiki kila asubuhi. Mwingine aingie."

Mama alimwuliza, "Niache kabisa?"

"Kabisa. Usitie chumvi mu chakula."

Hayo ndiyo yote. Ninatumia muda mrefu zaidi kuingiza uzi kwenye sindano. Muuguzi hakuinua uso kumtazama mtu ambaye moyo wake ndio tuliokuwa tunauzungumzia. Nitamtendea haki: foleni ilifika getini na yeye alikuwa peke yake. Lakini aliyemwacha peke yake na watu wote wale naye sijui nimweke wapi, na hasira haiwezi kukaa tu bila pa kwenda.

Mama akiambiwa jambo na mtu aliyesoma, analishika kuliko hata aliyelisema. Siku ile ile alichukua kopo la chumvi jikoni akalipeleka kwa jirani. Nilipomwambia kwamba wengine tungeweza kuendelea kutia kidogo kwenye sahani zetu, alinikodolea macho.

"Miye nikiacha chumvi, hapa nyumba hakuna mutu atakula. Balisema inaua. Munataka nizike batoto yangu?"

Basi tukaacha. Wanangu walianza kupenda kula kwa majirani. Vidonge alimeza kila asubuhi. Na pamoja na hayo yote, kichwa chake hakikutulia, na miguu ikaanza kujaa jioni. Alikuwa akivua viatu, mikanda imeacha alama nzito kwenye ngozi, na alama zile zilikuwa bado ziko pale tulipomaliza kula. Mimi nilianza kumshuku. Nilinusa sahani yake. Nilichungulia nyuma ya mifuko ya unga nikitafuta kopo lingine. Yeye naye alinishuku mimi, kwamba natumbukiza vile vipande vya kiungo vya dukani vyenye chumvi kwenye mchuzi wakati amelala. Tulikuwa watu wawili tunaopendana na kuchunguzana kama polisi.

Hapo ndipo yule bwana wa dawa za asili alipoingia Bigo.

Aliingia na kipaza sauti kilichofungwa kwenye pikipiki, kikitangaza mafunzo ya bure juu ya moyo, chakula na sumu. Alikuwa amekodi ukumbi nyuma ya nyumba ya mnunuzi mmoja wa dhahabu, akapanga viti vya plastiki, akavaa koti jeupe. Alijiita munganga wa asili. Mama alitaka kwenda, nami nikamsindikiza, nikiwa nimeshaamua njiani kwamba sitampenda.

Kilichonichoma ni kwamba alianza vizuri. Alianza vizuri sana. Aliuliza nani kati yetu anafunika wali kwa sashe ya plastiki kabla ya kuweka kifuniko ili mvuke usitoke, na nusu ya ukumbi tukaangalia chini, kwa sababu sote tunafanya hivyo. Akasema plastiki ile ikipata moto inaingia kwenye chakula. Akauliza nani anawasha babula, jiko la mkaa, kwa vipande vya ndala zilizokatika, mkaa ukiwa umelowa, na wanawake wakacheka kwa aibu. Akasema moshi ule hauishii puani, unaingia kwenye damu na kuchosha moyo. Alisema juu ya mafuta yanayokaanga mandazi mpaka yanakuwa meusi na bado yanarudi barabarani kesho yake. Alisema lengalenga, ule mchicha wetu, maharage na parachichi, vitu tunavyovidharau tukipata pesa kidogo, ndivyo vinavyomfaa mtu wa tansio. Alisema tutembee kwa miguu tuache kupanda pikipiki kwenda kanisani hapo jirani. Nilijikuta natikisa kichwa kukubali, mimi niliyekuja kwa ubishi. Niliporudi nyumbani nilitupa sashe zote za jikoni, na tangu siku hiyo hakuna plastiki inayoingia kwenye sufuria yangu.

Ndiyo maana siwezi kumsamehe. Kama angekuwa mwongo tangu mwanzo, mama angenyanyuka akaenda zake. Hakuna mtu mgumu kudanganywa kama mama yangu mbele ya kitu kilichooza. Lakini bwana huyu alituongoza kwa maneno ya kweli, hatua kwa hatua, mpaka kwenye meza ilipokuwa imepangwa makopo yake.

Alipofika hapo alitoa mfukoni pakiti ya vidonge, vya aina ile ile aliyopewa mama, akaviinua juu.

"Na hii? Hii inatoka wapi? Inatoka mu shamba? Hapana. Inatoka mu izini, sawa na plastiki. Unaondoa sumu mu sufuria, unairudisha mu kinywa kila asubuhi! Mungu aliumba moyo, na dawa ya moyo aliiweka mu majani."

Watu walipiga makofi. Kwa bwana huyu chochote kilichotoka izini, yaani kiwandani, kilikuwa sumu, na chochote kilichotoka shambani kilikuwa salama, kana kwamba sisi watu wa hapa hatujui kwamba muhogo mchungu nao unatoka shambani. Unga wake wa majani, alisema, unasafisha damu na kuufanya moyo upumue. Anayetaka kupona aache vidonge, ale safi, anywe unga. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuza unga.

Sasa nieleze habari ya dirisha la ukumbi. Nyuma ya ukumbi ule kuna kibaraza ambapo kijana wa mnunuzi wa dhahabu huwa anachoma dhahabu inayoletwa kutoka migodini. Dhahabu inakuja imeshikana na zebaki, ile wachimbaji wanayoiita merkire, na anaichoma kwa moto mkali mpaka merkire inapanda yote kuwa moshi na dhahabu inabaki. Moshi ule ulikuwa unaingia ukumbini kupitia dirisha hilo wakati bwana anafundisha juu ya sumu. Ulipita juu ya kichwa chake. Niliuona, na wote waliokaa upande wangu waliuona, na wanawake wengine walikuwa na watoto wachanga mapajani. Nikanyoosha mkono.

"Munganga, na ile moshi ya inje, ile ya merkire? Ile aiko sumu?"

Aligeuka akatazama dirisha, kisha akanigeukia na tabasamu.

"Mama, leo siye tunaongea juu ya chakula."

Watu wakanicheka. Hata mama alinivuta nguo nikae. Mwenye nyumba, yule mnunuzi wa dhahabu, alikuwa amesimama mlangoni, na hapo nilielewa kwamba bwana huyu ana sumu za kusema na sumu za kunyamazia. Sumu ya jikoni kwa mwanamke maskini unaweza kuipigia kelele utakavyo, hakuna atakayekutoa ukumbini.

Mama alinunua unga. Nilipiga kelele njia nzima na yeye alitembea mbele yangu, taratibu, kopo limefungwa kwenye kona ya kitenge. Nyumbani alinigeukia.

"Ule muuguzi hakuniangalia hata mu macho. Huyu aliniuliza kama ninalala. Aliniuliza mukojo yangu iko namna gani. Aliniuliza baba yenu alikufa na nini. Alinishika mukono. Weye unataka nimuamini nani?"

Nilitaka kusema amwamini muuguzi, na nilijua hastahili kushinda mabishano yale. Asubuhi iliyofuata mama alivitupa vidonge chooni, mchana kweupe, mbele yangu, ili nisiseme kwamba alijificha.

Kwa muda alisema anajisikia mwepesi. Alikunywa unga ule wa kijani, mchungu, akikunja uso, na kila nilipomtazama alisema, "Unaona?" Sikuona kitu zaidi ya miguu yake. Ilikuwa sasa inaamka imejaa.

Halafu mchana mmoja pikipiki iliingia uani, dereva amemshika mama kwa mkono mmoja ili asidondoke. Hakuweza kusema sentensi nzima. Nilipotaka kumlaza alinisukuma. Akilala, pumzi inakwisha kabisa. Alikaa amenyoosha shingo kama mtu anayeangalia juu ya ukuta, na kila pumzi ilisikika. Tulimpeleka hospitalini amekaa, mimi nyuma yake nimemkumbatia. Niliomba Mungu njia nzima na katikati ya maombi nilikuwa namtukana yule bwana. Mungu atakuwa alisikia vyote viwili.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya mtu aliyekesha. Walimpa mama hewa na sindano ya kutoa maji mwilini, na pumzi ilipotulia daktari alibonyeza kidole gumba kwenye mguu wake, juu ya kifundo. Akatoa kidole. Shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa.

Alieleza kwamba moyo wa mama umechoka kusukuma kwa nguvu, kwamba maji yanajaa, na kwamba kuacha vidonge ghafla kumemfikisha hapo haraka. Kisha akauliza anakula chumvi kiasi gani.

"Hatuli chumvi kabisa," nilisema, na nilisema kwa majivuno, maana tulikuwa tumeteseka kuifikia sentensi ile. "Nyumba nzima."

Daktari alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayedai kitambaa chake kilirarukia kwangu.

"Hii muguu inakula chumvi," alisema. "Mingi."

Mama aliapa. Aliapa kwa Mungu, kwa kaburi la baba, kwa watoto wangu. Alilia, na hakulilia moyo, alilia kuitwa mwongo. Daktari hakubishana naye. Alimwambia lengalenga aendelee nayo, maharage aendelee nayo, kutembea aanze tena taratibu, plastiki asiirudishe jikoni, na vidonge asiviache tena bila kumwuliza. "Chakula ni muzuri na dawa ni muzuri," alisema. "Hazigombane. Nani alikuambia zinagombana?" Nilifurahi kusikia hilo. Lakini swali lake juu ya chumvi tulirudi nalo nyumbani halijajibiwa.

Mama alipopata nguvu ya kukaa mwenyewe kitandani, nilikwenda ukumbini kwa yule bwana. Sikwenda kuomba chochote. Nilitaka ajue. Alinisikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono juu ya koti jeupe, kisha akasema kwa upole kwamba unga hauna kosa, mama yangu lazima alikuwa anakula chumvi kwa siri.

"Wagonjwa wanadanganyaka," alisema. "Mwili hapana."

Mwanamke yule alikuwa amepeleka kopo lake la chumvi kwa jirani mchana kweupe na amekula mayai matupu mwezi baada ya mwezi, na huyu aliyemtoa kwenye dawa anamwita mwizi wa chumvi! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu wanangu wanasoma. Kijana wa dhahabu alizima moto wake ili asikie vizuri.

Baada ya kupumzika kwa muda, mama alitaka kurudi sokoni. Nilikataa, akavaa viatu. Basi nilifunga cherehani, nikabeba furushi, nikaenda kukaa naye siku nzima, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nikiwa msichana. Mwanzoni nilikuwa nalinda tu asinyanyue kitu kizito.

Lori lilikuwa limeleta mzigo mpya. Mama alifungua furushi la kwanza, akachana uzi mwembamba wa nyama karibu na mfupa, akautia mdomoni, akatafuna amefumba macho. "Hii imekolea," akasema, akameza. Furushi la pili: akachana, akatafuna, akameza. "Hii balitia chumvi ya haraka-haraka. Itaoza mu kati." Akaiweka kando, iwe ya kuuzwa leo leo. Samaki hawa huwezi kuwajua kwa jicho. Nje wote ni weupe na wagumu. Aliyeoza ndani anajulikana kwa ulimi tu, na ulimi wa mama unajulikana mpaka Irumu. Kuna wanawake wanaotoka kule asubuhi, wanapita meza nyingi bila kusimama, ili wanunue samaki aliyeonjwa na yeye.

Halafu wakaja wateja. Na hapo kuna desturi ya safu ile ya wauza samaki, ambayo nilikua naiona kila siku kama ninavyoona pua yangu. Mteja akisita, muuzaji anachana kipande cha samaki yule yule, anakila mbele yake, anameza, anafungua mikono. Samaki ninayekuuzia mimi mwenyewe nimekula. Mteja akisita, mama alikula. Alikuja mwingine, akasita, mama akala. Taya lake halikupumzika tangu asubuhi, na kila alichomeza kilikuwa na chumvi ya kutosha sufuria ya familia.

"Mama," nilisema. "Unakula chumvi."

"Wapi?"

"Hapo mu kinywa."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na huo mshangao ndio unaoniuma mpaka leo.

"Hii? Hii siko nakula. Niko naonja."

Nilikaa chini kwenye furushi. Sikujua nicheke au nipige mtu. Muuguzi alisema juu ya chakula tu. Yule bwana aliuliza juu ya usingizi, mkojo na marehemu, akahubiri sumu za dunia nzima. Daktari naye aliuliza anakula chumvi kiasi gani, na mimi nilinusa sahani na kuchungulia nyuma ya unga. Mwanamke anafika mbele yetu ananuka samaki wa chumvi kuanzia kitambaa mpaka viatu, na sote tunamwuliza habari za sufuria! Mtu akiwa mwanamke, wanadhani maisha yake yote yako jikoni. Hakuna aliyemwuliza, mama, unafanya kazi gani, na unaifanyaje.

"Basi tema," nilimwambia. "Onja, halafu tema. Sukutua na maji."

Mama aliangalia kushoto na kulia kama nimetamka matusi.

"Niteme samaki yangu? Mbele ya batu?"

Na sikuweza kumwita mjinga, kwa sababu naijua safu ile. Muuzaji anayetema samaki wake ametangaza kwa soko zima kwamba ameoza. Kulikuwa na mwanamke mmoja pale, miaka ya nyuma, aliyetema kwa sababu tu ya kichefuchefu cha mimba. Samaki wake hawakununuliwa mpaka walipoingia wadudu, na akaacha biashara. Nilimwambia mama atafute mtu mwingine wa kuonja, akasema hawezi kuazima ulimi. Nikamwambia auze sabuni.

"Miye? Sabuni?" Hata kwenye ugonjwa alikuwa na nguvu ya kudharau.

Tuligombana nyumbani jioni kwa jioni. Alisema jina lake liko kwenye kumeza, na bila jina atakaa uani ananitazama nikishona mpaka afe. Nilimwambia nimeshona sare za misiba ya watu wa kutosha mtaani hapa, naijua kazi hiyo vizuri, na ya kwake sitaishona. Akaomba maji, akameza kidonge chake, akaenda kulala bila kuniaga.

Alirudi sokoni nami nikarudi naye. Siku hiyo nilimwona anaweka chini ya meza kopo lenye majivu na kidumu kidogo cha maji. Sikuuliza. Mteja mmoja wa Irumu, mwanamke anayenunua kwake kwa wingi, alifika, akageuza samaki, akamnusa, akasita.

"Onja," alisema.

Mama alichana kipande. Alitafuna muda mrefu kuliko kawaida, macho yamefumba. Kisha aliinama, akatema kwenye kopo, akajaza maji mdomoni, akasukutua, akatema tena. Safu nzima iligeuka kutazama. Nilimwonea fahari.

"Samaki iko muzuri," mama alisema kwa sauti ya kusikika. "Imekolea mpaka mu mufupa. Ni moyo yangu ndiyo haiwezi tena chumvi. Kamata, onja weye mwenyewe."

Yule mteja alimweka samaki chini polepole, kama mtu anayeondoka msibani, akasogea meza ya pili. Muuzaji wa meza hiyo ni mdogo kwa mama, anamwita yaya, yaani dada mkubwa, na walishachangiana harusi na vilio. Hakusubiri kuombwa. Alichana kipande kikubwa, akala, akameza, akafungua mikono. Mteja akanunua karibu meza nzima. Nilisimama. Nilikuwa na maneno tayari, na yalikuwa maneno mabaya.

Mama alinishika nguo. Alikuwa haangalii pesa wala mteja. Alikuwa anaangalia chini ya meza ya mwenzake. Nami nikatazama. Viatu vya yule mwanamke vilikuwa vimekatwa mikanda kwa wembe, kwa sababu miguu haikuenea tena ndani yake.

Mama alichukua kopo na kidumu, akaenda taratibu mpaka kwake. Mwanamke alijiweka sawa kupokea matusi. Mama aliinama, akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu wake, akatoa kidole. Shimo likabaki. Tulilitazama wote watatu.

Mwanamke alikuwa ameanza kipande kingine ili mteja aone, shavu limejaa. Mama alimnyooshea kopo.

"Hiyo yenye iko mu kinywa, mudogo yangu," alisema. "Tema."

Mwanamke alitazama shimo la mguu wake. Kisha aliinua macho kumtafuta mteja, ambaye alikuwa bado hajafika mbali na alikuwa amegeuka anatuangalia. Akafunga mdomo, akameza. Mama alibaki amenyoosha kopo.